Siku sita kati ya Unguja na Pemba: tathmini ya katamarani ya kukodi

Katikati ya Julai tulikodi katamarani ya matanga, yaani boti ya mabodi mawili yaliyounganishwa, yenye vyumba vinne, pamoja na nahodha, baharia mmoja na mpishi, kwa safari ya siku sita na kulala majini mara tano, kutoka Mji Mkongwe wa Unguja hadi pwani ya magharibi ya Pemba na kurudi. Tulikuwa watu sita: mimi na mke wangu, shemeji yangu na mumewe ambaye ni mwanyumba wangu, kijana wetu wa miaka kumi na minne, na mama mkwe, mzaliwa wa Wete huko Pemba, aliyekubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba chombo kifike Wete. Tulilipa dola 6,000 kwa boti nzima, chakula na mafuta vikiwemo. Ada za hifadhi na vinywaji vya chupa tulijilipia wenyewe. Jina la kampuni ninaliacha, kwa kuwa sehemu ya maneno yangu ni malalamiko ambayo tayari wanayo kwa maandishi. Huduma yenyewe nitaieleza kwa kirefu, maana wengi wetu tunaziona boti hizi kwa mbali tu tukiwa tumekaa Forodhani, na ndani yake hatujui mtu anaishije.

Nianze na lililo kubwa, ambalo mengine mengi yanatokana nalo. Safari hii iliuzwa na watu wasioutazama upepo, ikaendeshwa na mtu asiyetazama kitu kingine. Ratiba tuliyotumiwa, yenye picha za rangi, ilichora duara safi: usiku wa kwanza Kendwa, kaskazini mwa Unguja, halafu kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, halafu Wete, kisha usiku mmoja kwenye kisiwa cha Mnemba, na siku ya sita mjini. Kwenye ramani duara hilo linapendeza. Mwezi wa Julai halipitiki kwa raha, kwa sababu kusi, upepo wa kutoka kusini, huwa imeshika kwelikweli, na mkondo wa pwani yetu, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi huzidi kasi. Kwenda Pemba ni kuteremka na upepo na maji. Kurudi ni kupambana na vyote viwili. Mnemba nayo iko upande wa mashariki wa Unguja, wazi kwa bahari kuu, na kulala hapo kwa nanga wakati kusi inavuma ni kukesha. Tena kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi, na mgeni wa nje hashuki.

Hayo yote hatukuambiwa ofisini. Tuliambiwa na nahodha, Mtumbatu wa makamo, saa moja baada ya kupanda. Aliipokea ratiba kutoka mkononi mwangu, akaisoma hadi chini, akaikunja mara nne na kuisokomeza chini ya kikombe cha kahawa kisichezecheze. “Hii aliyeichora alikuwa amekaa kwenye kiti,” alisema. “Mnemba tuiacheni. Wete nitakufikisheni, kwa ajili ya bi mkubwa. Lakini kurudi tutaondoka usiku, na hapo mtanisamehe.” Mama mkwe, ambaye ujanani alivuka mkondo huo kwa jahazi zaidi ya mara moja, alimjibu kwamba hakuna cha kusamehe na kwamba kusi anaijua. Sisi wengine tulinyamaza, kwa kuwa hatukujua tunachokubali.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kila kitu ambacho tangazo liliahidi. Tulilala Kendwa, tukang'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi, na tulipoupita mnara wa taa wa Ras Nungwi nahodha akazima mashine. Anayesafiri kwa boti ya abiria ya kwenda Pemba hajui ukimya huo. Tanga kubwa lilikuwa limetwekwa na kuachiwa upande, upepo uko nyuma ya bega, na boti ya mabodi mawili haiinami kama mashua. Inateleza, huku wimbi linainyanyua tezi, yaani nyuma ya boti, taratibu kisha linapita chini na kuibukia mbele. Chombo cha kupimia kilionyesha noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, na mkondo ukaongeza zake juu yake. Ukalala kifudifudi juu ya wavu wa mbele, ule uliotandazwa baina ya mabodi mawili, unaona maji yakigeuka kutoka kijani cha kwenye fungu hadi buluu nzito ya kilindi kana kwamba kuna aliyepiga mstari. Baharia alikuwa akikokota ndoana mbili nyuma, na kabla ya saa tatu tulikuwa na jodari mmoja, si mkubwa, ambaye mpishi alimpokea bila kusema neno, kama mtu aliyepokea barua aliyoitegemea. Saa nne na nusu tulikuwa Misali.

Sasa kuhusu nyumba yenyewe. Vyumba viko ndani ya mabodi, viwili kila upande, na ni vyembamba: kitanda cha watu wawili kinaijaza nafasi ukuta hadi ukuta, anayelala ndani humruka anayelala nje, na begi gumu la magurudumu halina pa kukaa, kwa hiyo njooni na mifuko ya kukunjika. Maisha halisi yako juu, kwenye baraza ya nyuma yenye meza ya watu wanane, mahali ambapo watu hula, husali, husinzia, huparua samaki na kubishana kwa siku sita bila kuhama. Mwenye kupenda faragha asidanganyike na picha. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma humwambia pole.

Choo kinahitaji aya yake. Kila chumba kina cha kwake, kidogo mno, nacho hufanya kazi kwa pampu ya mkono: unageuza kishikio upande mmoja ili kuvuta maji ya bahari, unapampu mara kumi na tano, unakigeuza upande wa pili, unapampu tena mpaka bakuli likauke. Karatasi haiingii humo, huenda kwenye pipa lenye kifuniko. Kuna tangi la kuhifadhia maji machafu ambalo hufungwa boti ikiwa imetia nanga karibu na matumbawe na kufunguliwa ikishafika mbali, kwenye kilindi, na nahodha alilisimamia jambo hilo kwa ukali unaostahili sifa. Baharia alitufundisha sote kwa zamu, mmoja mmoja, kwa adabu kubwa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia: “Mwanangu, choo chako kina masharti kuliko mganga.” Hakuna aliyekiharibu, lakini ninawashauri wenye watoto wadogo walifikirie hili kabla ya kulipa.

Maji ya kunywa na kuoga ndiyo malalamiko yangu ya kwanza ya haki. Tangazo lilitaja mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na mtambo upo, niliuona chini ya kitanda chetu, ila ulikuwa umekufa, na kwa namna wafanyakazi walivyoongea ulikuwa umekufa siku nyingi. Kilichobaki ni tangi la lita 700. Tulikuwa watu tisa pamoja na wafanyakazi, na ukigawanya kwa siku sita kila mtu anapata kama lita kumi na tatu kwa siku za kuoga, kuoshea vyombo na kutawadha. Zinatosha, kwa anayejua dumu. Sisi tuliokulia nyumba za kuchota maji tulizoea mara moja: unaoga baharini kwenye ngazi ya nyuma, kisha unajisuuza kwa kopo moja la maji matamu. Kijana wangu, ambaye maisha yake yote amefungua bomba, siku ya kwanza alioga dakika kumi, na nahodha akamwonyesha kipimo cha tangi bila kumgombeza. Hakurudia. Lakini mteja aliyelipa dola 6,000 ana haki ya kuambiwa kabla, akabeba moyo wa dumu tangu nyumbani.

Umeme una hadithi fupi zaidi. Paneli za jua zinatosha friji, taa, simu na feni. Kiyoyozi hakiwaki bila jenereta, na jenereta huzimwa saa nne usiku. Kwa kusi inayopita dirishani hatukukihitaji.

Nililolipenda kuliko yote, na ambalo hakuna tangazo lililolitaja, ni ustadi wa nanga. Jioni ya siku ya pili tulitoka Misali tukaingia kwenye ghuba moja ya Pemba iliyozungukwa na mikoko. Ilikuwa bamvua ya mwezi mpevu, na katika maji yetu bamvua ina saa zake: maji hujaa kama saa kumi na kupwa kama saa nne, mchana na usiku, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Tulifika saa kumi na moja na nusu, bahari imeanza kushuka. Kipimo kilisema mita 9. Mimi ningeishusha nanga hapo hapo nikaagiza chai. Nahodha alizunguka ghuba polepole mara mbili huku baharia amesimama omo, mbele ya boti, ananyoosha mkono kuonyesha palipo na mwamba na palipo na mchanga, na nilipouliza kinachotafutwa nilijibiwa kwamba kinachotafutwa ni saa nne ya usiku: mahali ambapo maji yakishapwa boti bado itaelea, na hata upepo ukiigeuza nusu duara haitagusa jiwe. Nanga ilishushwa kwenye mchanga mtupu na mita 45 za mnyororo zikafuata, mashine ikarudishwa nyuma kidogo kidogo hadi mnyororo ukakaza, na baharia akavaa miwani ya kuogelea, akajitosa na kwenda kuitazama kwa macho yake. Alipoibuka alisema neno moja: “Imeshika.” Hapo ndipo chai ilipochemshwa. Usiku niliamka mara mbili nikamkuta nahodha barazani, shuka mabegani, anautazama mkoko uleule aliouwekea alama jioni, kuona kama umehama.

Boti iliyotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, na upepo ukiwa wa kusi, omo hutazama kusini. Kutoka visiwa hivi Makka iko karibu kaskazini kamili. Kwa hiyo anayesali huielekea tezi, na hahitaji dira, isipokuwa pale mkondo unapogeuka na kushindana na upepo. Hapo chombo huanza kuzunguka polepole na msala huzunguka nacho. Magharibi ya siku hiyo mama aliianza sala akiuelekea mlango wa ghuba na kutoa salamu akiielekea mikoko. Kijana wangu alitaka kumsahihisha kwa dira ya simu. Bibi yake akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu anajua aliyezunguka ni chombo, si yeye, kisha akamsimulia kile ambacho Wapemba husimulia kuhusu Misali tuliyotoka kuiacha: kwamba mja mwema alitua pale, akaomba msala, akakosa, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala, kwa kuwa kimelala kuelekea kibla. Mchana tulikuwa tumeogelea pembezoni mwa kisiwa hicho, juu ya matumbawe, na tumemwona kasa akipanda kuvuta pumzi na kushuka tena bila haraka. Yako mengi ya kuandika kuhusu Misali, lakini hii ni tathmini ya boti.

Mpishi ni mtu wa Makunduchi, na jiko lake lina mafiga mawili ya gesi na oveni isiyozidi ukubwa wa sanduku la viatu vya mtu mzima. Ofisi ilimpa orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa ajili ya wageni wa mbali: mahindi makavu ya kula na maziwa, boflo, jemu, soseji, saladi ya pasta. Kifungua kinywa cha kwanza alitupa hivyo kama alivyoagizwa, na kila mmoja wetu alikula kwa heshima. Asubuhi ya pili mama aliingia jikoni, akatoka na sufuria, akafungua begi lake na kutoa mbuzi yake ya kukunia nazi, ile ya kukunjika, akaikalia palepale barazani na kuanza kukuna. Tangu saa hiyo orodha ya ofisi ilikufa. Tulikula maharage ya nazi na chapati, mkate wa kumimina, jodari wa kukaanga na pilipili ya kusaga, na pweza aliyenunuliwa kutoka ngalawa iliyotujia ubavuni huko karibu na kisiwa cha Fundo, ambaye muuzaji alimtaja bei ya watalii kwa Kiingereza na kuipunguza nusu aliposikia mama anaitikia salamu kwa Kipemba. Nimekula katika hoteli za Unguja zenye majina na sijakula pweza mlaini kama huyo. Kampuni ingemwacha mpishi huyu aamue mwenyewe, ingeokoa pesa na kupata sifa.

Wete tulishuka siku ya nne saa moja asubuhi, maji yakiwa bado yanatosha kwa boti ya mpira, maana yakishapwa unatembea juu ya tope. Mama alikwenda kwa jamaa zake akiwa na mke wangu na shemeji. Sisi wanaume tulibeba madumu. Tulijaza madumu ishirini ya lita ishirini ishirini kwenye bomba la mtu aliyekataa malipo na kukubali kilo moja ya jodari, tukayavusha kwa safari nne huku harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka ikitufuata hadi majini. Kazi hiyo ilichukua saa mbili, na ndiyo iliyofidia mtambo uliokufa. Ninaitaja kwa sababu ratiba iliiita asubuhi hiyo “mapumziko”.

Na sasa kurudi. Mchana wa siku ya nne tulishuka kusini kwa kujibanza chini ya Pemba, ambako nchi huvunja mawimbi, tukalala karibu na Mkoani, na saa tisa usiku nanga ikang'olewa. Nahodha alikuwa ametueleza: alfajiri kusi hupungua kidogo, na kila saa unayoiokoa kabla ya jua kupanda ni faida. Tanga kubwa lilitwekwa likiwa limepunguzwa, ili litulize chombo tu, na mashine zote mbili zikafanya kazi iliyobaki. Njia ni kama maili 30 za baharini hadi ncha ya Unguja. Kwenda tungeimaliza kwa saa nne. Kurudi ilituchukua tisa.

Udhaifu wa katamarani hujitokeza hapo, na muuzaji hatakuonyesha. Chombo cha bodi moja hukata wimbi. Hiki, wimbi la mbele likiinuka baina ya mabodi, hupigwa chini ya sakafu, na ukiwa umelala ni kana kwamba mtu yuko chini ya kitanda na mchi. Vyombo vya jikoni vilikuwa vimefungwa kwa taulo, lakini hakuna aliyelala. Mwanyumba wangu, aliyekuwa ameapa kwamba hajawahi kutapika baharini, alikumbatia ndoo tangu saa kumi hadi saa nne asubuhi. Mama alikaa barazani amejifunika kanga mbili, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya kati ambako mtikisiko ni mdogo zaidi, akimega tangawizi mbichi na kumpelekea kila aliyetaka. Baharia alipita kila nusu saa kuhakikisha kwamba jaketi okozi zimefungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda mbele hata kufuata nguo iliyosahaulika. Sikuogopa wakati wowote, na hilo ninaliandika kwa sifa ya wafanyakazi. Lakini kuna tofauti kati ya kuwa salama na kuwa likizo.

Tulifika Kendwa saa sita, tukalala mchana kutwa kama dagaa waliotandazwa, na siku ya sita tukashuka mjini kwa mashine, upepo uko usoni muda wote.

Kama mngeniuliza ninavyoigawa ile dola 6,000, ningesema kwamba wafanyakazi watatu walistahili sehemu kubwa zaidi ya ile ambayo nina hakika waliipata, na tuliwaachia bahasha yetu kwa mikono yetu wenyewe. Boti ni safi, matanga ni mazima, magodoro ni mazuri. Mtambo wa maji ni uongo uliochapishwa, na ratiba ni kosa ambalo mtu yeyote wa Nungwi angelisahihisha kwa dakika moja kama angeulizwa. Niliwaandikia ofisini mambo haya mawili. Kuhusu mtambo walijibu siku ya tatu na kunipa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Kuhusu ratiba hawajajibu, na mpaka ninapoandika duara lile bado wanalitangaza, likiwa na Mnemba yake.

Anayetaka kukodi ninamshauri aombe kuzungumza na nahodha kwa simu kabla ya kulipa, na aulize jambo moja: mwezi huo, kutoka wapi kwenda wapi ni kuteremka? Kwa kusi, panda Unguja ushukie Mkoani, urudi kwa meli au kwa ndege kutoka Chake Chake. Kwa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, fanya kinyume chake. Nililipendekeza hilo kwa kampuni, wakasema boti kurudi tupu ni gharama, jambo ambalo ni kweli, na kwamba wangeniongezea siku moja ya malipo. Ningeilipa siku hiyo kwa furaha.

Mbuzi ya mama ilisahaulika botini. Nilimpigia mpishi simu, akaniambia iko salama, anaitumia kila asubuhi, na angependa kujua kama bi mkubwa ana haraka nayo.